Kalamu ya Jemadari Grant

Sisi tuliosoma historia ya Marekani twamjua Ulysses Grant kwa vita. Ndiye jemadari aliyeshinda mwaka 1865, watumwa wakapata uhuru, kisha akawa Rais tangu 1869 hata 1877. Lakini mimi namstahi zaidi kwa mwaka wake wa mwisho, ambao hakushika upanga wala serikali.

Alizaliwa katika jimbo la Ohio mwaka 1822, mwana wa mtengeneza ngozi. Mambo ya ujana wake nayapita. Mwezi wa Mei 1884 biashara ya fedha aliyoshiriki pamoja na mwanawe mjini New York ilianguka, maana mshirika wao, Ferdinand Ward, alikuwa mdanganyifu. Mzee aliyetawala taifa akabaki na deni kubwa, na zama zile marais waliotoka kazini hawakupewa malipo ya uzeeni.

Kiangazi kile kile aliuma tunda, akasikia maumivu makali kooni. Mwezi wa Oktoba daktari akakuta saratani karibu na shina la ulimi. Alikuwa mvutaji sana wa sigara nene; aliposhinda Fort Donelson mwaka 1862 watu walimpelekea sigara kwa maelfu, na kwa maoni yangu zawadi zile zilimdhuru kuliko risasi za adui.

Dawa ya kuponya haikuwapo. Akaona atamwacha mkewe, Bibi Julia, mikono mitupu. Basi akakaza nia kuandika kitabu cha maisha yake, na rafiki yake, mwandishi Mark Twain, akamwahidi asilimia 70 ya faida.

Kumeza maji kulikuwa adhabu. Usiku alilala ameketi, kiti kimoja chini yake na kingine chini ya miguu, asije akapaliwa. Madaktari walimpaka kokaini kooni kupunguza maumivu. Sauti ilipokuwapo alimtajia karani maneno. Ilipopotea, akashika penseli. Mwisho wa Machi 1885 watu walidhani anakufa. Akainuka, akazirudia karatasi zake.

Sisemi kitabu kilimponya. Saratani ilizidi kumla. Nisemalo ni kwamba maumivu hayakuwa bwana wa siku yake nzima. Kila asubuhi ilikuwa na kazi: vita fulani haijaelezwa, mke hajawekewa akiba. Mjini humo humo New York iko hospitali ya saratani iliyoasisiwa mwaka 1884, ambamo siku hizi wagonjwa husaidiwa kwa mazungumzo watafute yale yanayowapa maisha yao maana, na kukata tamaa kwao huweza kupungua. Grant hakuwa na mtu wa kumfundisha hayo.

Mwezi wa Juni alipelekwa Mount McGregor, mlimani penye hewa nzuri. Alimaliza kazi katikati ya Julai, akafariki tarehe 23 mwezi huo, mwenye umri wa miaka 63. Kitabu kikapigwa chapa, juzuu mbili. Februari 1886 Bibi Julia alipokea hundi ya dola 200,000, na baadaye jumla ikafika kama dola 450,000.