Mwalimu na Kengele ya Asubuhi: Maisha ya Julius Kambarage Nyerere Kupitia Siku ya Shule

Utangulizi

Namanga, katika Kaunti ya Kajiado, ni mji mmoja uliopasuliwa na mpaka wa nchi mbili. Ukisimama kando ya barabara kuu asubuhi na mapema, Mlima Ol Doinyo Orok ukiwa umekuinamia, utawaona watoto wa shule za msingi wakielekea pande mbili. Wanaokwenda upande wa Tanzania, wilayani Longido, wamevaa mashati meupe na kaptura au sketi za buluu, na huenda baadhi yao wamebeba fagio au vidumu vya maji. Wengi wa watoto wa pande zote mbili ni Wamaasai wa koo zilezile, na Kimaasai ndicho walichoamkia. Hata hivyo, kengele zikishagongwa, siku zao hutengana. Upande mmoja, Kiswahili ni somo miongoni mwa masomo. Katika shule za umma za upande wa pili, Kiswahili ndicho kinachobeba hesabu, sayansi na historia.

Tofauti hiyo haikuzuka yenyewe. Kwa kiasi kikubwa ilitokana na mtu mmoja ambaye, hata baada ya kuwa Rais, aliendelea kuitwa kwa jina la kazi yake ya kwanza. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa kufuata uzi mmoja tu, yaani jinsi alivyoiishi, alivyoifundisha na hatimaye alivyoipanga upya siku ya mtoto shuleni. Hoja yetu ni kwamba Mwalimu alitambua kuwa ratiba ya shule ni jibu la swali zito: mtoto huyu analelewa awe nani? Tutaonyesha pia kwamba jibu lake, pamoja na uzito wake, lilikwama mahali pawili.

Kutoka juani hadi kwenye kengele

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Jina la Kambarage alipewa kwa sababu siku ya kuzaliwa kwake mvua kubwa ilinyesha, na Kambarage ni jina la mzimu wa mvua.

Hadi alipofika umri wa miaka 12 hivi, siku yake iligawanywa na jua, mifugo na shamba, kama inavyogawanywa siku ya mtoto yeyote wa mfugaji wa Kajiado asiyeenda shule. Mnamo mwaka 1934 alipelekwa katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka kwao. Ilikuwa shule ya bweni. Kuanzia hapo kengele ilishika nafasi ya jua. Ni hapo pia alipojifunza Kiswahili, kwani lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kizanaki. Kwa hivyo, mtu aliyekuja kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kila darasa la msingi alikuwa yeye mwenyewe ameingia darasani bila lugha hiyo, na alijua ni kazi gani mtoto huifanya katika majuma ya mwanzo.

Mnamo mwaka 1937 alijiunga na shule ya serikali ya Tabora, kisha akasomea ualimu katika Chuo cha Makerere, Uganda, kuanzia mwaka 1943 hadi 1945.

Mwalimu wa ubao na chaki

Alirejea Tabora mwaka 1946 kufundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria. Mchana alifundisha wanafunzi wake. Jioni aliwafundisha wenyeji wa mji Kiingereza bila malipo. Jambo hili halifai kupuuzwa. Mapema kabisa katika kazi yake, Mwalimu hakukubali kwamba siku ya shule inakwisha mtoto wa mwisho anapotoka langoni.

Kutoka mwaka 1949 hadi 1952 alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Aliporudi, alimwoa Maria Gabriel mnamo Januari 1953 na kupata kazi katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, kilomita 20 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam. Siku za kazi zilikuwa za vipindi; mwisho wa juma ulikuwa wa mikutano mjini. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kiliundwa, naye akawa kiongozi wake. Mwaka uliofuata ilimlazimu achague baina ya siasa na ualimu. Akaacha mshahara na darasa, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Ratiba ya taifa

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shule iliyorithi zilikuwa chache, na siku ya mwanafunzi ilielekezwa kwenye mtihani wa kumpeleka ngazi ya juu. Athari yake ilijitokeza Oktoba 1966, pale wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, akapunguza mishahara ya viongozi, ukiwemo wake mwenyewe. Alikuwa ameona kwamba shule inaweza kumfundisha kijana kuwadharau waliomlipia karo.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwezi uliofuata, Mwalimu alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Hesabu yake ilikuwa rahisi na chungu: kati ya watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, ni 13 hivi tu waliopata nafasi ya sekondari. Ikiwa siku nzima inapangwa kwa ajili ya hao 13, basi 87 wanapewa mafunzo ya kushindwa. Kwa hivyo alipendekeza shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, watoto waanze darasa la kwanza wakiwa wamekomaa zaidi ili wamalizapo waweze kushika kazi, na uzito wa mitihani upunguzwe. Kila shule ilitakiwa iwe pia shamba au karakana. Watoto wangesoma, wangelima, wangefuga na kufanya usafi wao wenyewe, na wangeshiriki kuamua mazao yatumiweje. Katika kipindi hichohicho Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote saba ya shule ya msingi.

Mnamo Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, lengo lilikuwa kumwingiza shuleni kila mtoto katika muda wa miaka mitatu. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba waliajiriwa, wakafundisha huku wao wenyewe wakifundishwa kazi. Shule nyingi ziligawa siku kwa zamu mbili: kundi la asubuhi likitoka, la alasiri likaingia.

Mahali pawili palipokwama

Kwanza, jembe lilimeza chaki. Waraka ulitaka kazi ya shambani iwe somo: mtoto apime, ahesabu, ajaribu mbolea na kujadili matokeo. Katika shule nyingi iligeuka kuwa kazi tu, na kuna mahali ambapo watoto walilima bila kupewa nafasi ya kuuliza mazao yamekwenda wapi. Wazazi waliona, wakanung'unika. Kosa halikuwa katika wazo pekee. Lilikuwa pia katika kudhani kwamba agizo kutoka juu linaweza kuchukua nafasi ya mwalimu aliyeandaliwa.

Pili, lugha iliishia mlangoni mwa sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee kufundishia hata sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Mwalimu mwenyewe alitetea kubaki kwa Kiingereza katika ngazi hiyo. Mtu aliyemtafsiri Shakespeare mara mbili, na kuthibitisha kwamba Kiswahili hakishindwi na fikra yoyote, hakukikabidhi darasa la sekondari. Sisi wapenzi wa Kiswahili tunamheshimu Mwalimu, lakini heshima hiyo haituruhusu kulifumbia macho jambo hili.

Namanga baada ya Mwalimu

Namanga iliujua mkono wa Mwalimu pia kwa njia nyingine. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka ile shule za pande mbili zilipishana bila kuonana. Cha ajabu ni kwamba Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka urais, ratiba ya shule zetu ilijaa kilimo, ususi na useremala, na Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Mfumo huo nao ulilalamikiwa kwa wingi wa kazi na uchache wa vifaa, na mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 umeirudisha tena kazi ya mikono darasani. Majirani wawili waliofuata njia tofauti wamekuwa wakikutana kwenye swali lilelile.

Hitimisho

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama, pale ambapo siku yake ya kwanza ilipangwa na jua. Maisha yake yanatuachia jambo la kutenda. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tutakabidhiwa madarasa, na mwanzoni mwa muhula tutaketi na rula na karatasi tupange vipindi. Kabla ya kuandika hesabu saa mbili na Kiswahili saa tatu, inafaa tujiulize ni watoto wangapi darasani mle ambao ratiba hiyo imewasahau tangu asubuhi: anayetembea kilomita nyingi kutoka manyatta, anayeielewa lugha ya darasa nusunusu, asiyetarajiwa kufaulu mtihani. Mwalimu aliwahesabu watoto hao kwanza, kisha akaipanga siku. Alipokosea, alikosea baada ya kuuliza swali lililostahili kuulizwa, na ni wajibu wetu kuliuliza tena kwa uangalifu zaidi.