Ida B. Wells na Yaliyotangulia Risasi

Habari za watu kuuawa kwa bunduki katika miji ya Marekani hutufikia mara kwa mara, nazo kwa kawaida hutueleza nani alifyatua, nani alianguka, na polisi walifika saa ngapi. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mwanamke mmoja mwandishi wa habari alitambua kwamba masimulizi ya namna hiyo huacha nje nusu ya ukweli.

Ida Bell Wells alizaliwa utumwani tarehe 16 Julai 1862, huko Holly Springs, katika jimbo la Mississippi. Homa ya manjano iliwachukua wazazi wake wote wawili mwaka 1878, naye akiwa na umri wa miaka 16 akawa mlezi wa wadogo zake, akiwalisha kwa mshahara wa ualimu. Baadaye alihamia Memphis, akaendelea kufundisha, akawa mmoja wa wamiliki wa gazeti la Free Speech. Alipoandika juu ya hali duni ya shule za watoto weusi, alipoteza kazi yake ya ualimu.

Rafiki yake mpendwa mjini Memphis alikuwa Thomas Moss, mpeleka barua wa posta. Ida alikuwa mama wa ubatizo wa binti yake. Moss na wenzake walikusanya akiba zao wakafungua duka la vyakula, People's Grocery, karibu na duka la mzungu aliyekuwa amezoea kuuza bila mshindani. Wateja weusi wakahamia kwa Moss. Ndipo ugomvi wa watoto waliokuwa wakicheza gololi ukageuka kuwa ugomvi wa watu wazima. Usiku mmoja wa Machi 1892, watu wenye silaha wasiovaa sare, maofisa wa usalama wakiwa miongoni mwao, walilijia duka. Waliokuwa wakililinda wakafyatua risasi na kuwajeruhi watu watatu. Moss, Calvin McDowell na Will Stewart wakatiwa gerezani. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 9 Machi, genge la watu waliofunika nyuso liliwatoa humo, likawapeleka kando ya reli na kuwapiga risasi. Hakuna aliyeadhibiwa. Bidhaa zilizosalia dukani zikapigwa mnada.

Mpaka siku hiyo, Ida, kama wengi wa wakati wake, alikuwa akisadiki kwamba magenge huwaua wabakaji. Lakini Moss hakutuhumiwa ubakaji. Alikuwa ameuza unga na sukari mahali ambapo mwingine alitaka kuuza peke yake. Ida akaanza kuchunguza kisa baada ya kisa, akienda mwenyewe mauaji yalikotokea, na nyuma ya visa vingi akakuta deni, ujira uliodaiwa, shamba lililotamaniwa, au mtu mweusi aliyeanza kustawi. Matokeo aliyachapisha katika vijitabu, Southern Horrors mwaka 1892 na The Red Record mwaka 1895. Aliwahimiza weusi wa Memphis waihame Memphis na kususia tramu zake. Maelfu waliondoka. Mwezi Mei 1892, akiwa safarini, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa, naye akaonywa kwamba akirudi atauawa.

Lipo jambo moja linaloweza kumtatiza msomaji Mkristo: baada ya kifo cha Moss, Ida alinunua bastola, na aliandika kwamba pale sheria isipomlinda mtu mweusi, bunduki inastahili kuwamo nyumbani mwake. Mimi sioni kwamba silaha nyingi zilileta amani popote. Hata hivyo, mtu asimhukumu upesi: mamlaka za Memphis ziliwazuia weusi kupata silaha, huku genge likibaki na zake.

Mwaka 1895 aliolewa na mwanasheria Ferdinand Barnett, wakaishi Chicago na kujaliwa watoto wanne. Mwaka 1908 ghasia dhidi ya weusi zilipozuka Springfield, mji alikozikwa Abraham Lincoln, aliwauliza vijana wa darasa lake la Biblia la Jumapili watafanya nini. Katika mazungumzo hayo kilizaliwa chama, na mwaka 1910 wakafungua nyumba katika mtaa wa State: chumba cha kusomea, vitanda vya bei nafuu, na msaada wa kutafuta kazi kwa vijana waliotoka Kusini wakafungiwa milango kwingineko. Kuanzia mwaka 1913 Ida aliajiriwa na mahakama kuwasimamia waliopewa kifungo cha nje, na mshahara huo ukaenda katika nyumba ile. Fedha zilipokwisha, mwaka 1920, ikafungwa.

Mashambulio 58 ya mabomu yalifanyika mjini humo kati ya mwaka 1917 na 1921, mengi yakiwa dhidi ya nyumba za weusi waliothubutu kuishi nje ya mitaa waliyobanwa. Ghasia za Julai 1919 ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Ida alipita mitaani akikusanya ushuhuda.

Alifariki tarehe 25 Machi 1931. Miaka kumi baadaye, mtaa wa nyumba za serikali zaidi ya 1,600 ulifunguliwa Chicago kwa jina lake, nazo familia zikazipigania. Kisha machinjio makubwa ya mji yakafungwa mwaka 1971, viwanda vya chuma vikafuata, matengenezo ya majengo yakapuuzwa, na wenye uwezo wakahama. Waliobaki walizoea milio ya bunduki. Sasa aliyefyatua na aliyeanguka mara nyingi walikuwa vijana weusi wa mtaa uleule, na wapo waliosema kwamba basi ubaguzi hauhusiki tena. Maaskofu Katoliki wa Marekani, katika barua yao ya kichungaji juu ya ubaguzi wa rangi ya Novemba 2018, hawakukubali hoja ya namna hiyo: waliuona ubaguzi pia ndani ya makazi, ajira na shule.

Majengo ya mwisho ya mtaa huo yalibomolewa mwaka 2011. Tangu Juni 2021, mnara wa kumkumbuka Ida Wells umesimama mahali yalipokuwa.