Mtakatifu Lidwina, Msimamizi wa Wagonjwa wa Muda Mrefu

Lidwina alizaliwa mwaka 1380 mjini Schiedam, Uholanzi, akiwa binti pekee kati ya watoto tisa wa familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 15, alianguka alipokuwa akiteleza juu ya barafu pamoja na wenzake, akavunjika ubavu. Tangu hapo hakupona tena. Taratibu miguu ilikosa nguvu, mkono mmoja ukalegea, jicho moja likapofuka, naye akabaki kitandani hadi alipofariki tarehe 14 Aprili 1433.

Mwanzoni alilia na kunung’unika. Padre Jan Pot alimfundisha kutafakari Mateso ya Kristo, na polepole akayaunganisha maumivu yake na Msalaba. Sadaka alizopewa aliwagawia maskini. Hata hivyo, wapo waliodai kwamba ana pepo.

Katika karne ya 20, baadhi ya madaktari waliochunguza habari zake walisema huenda aliugua multipo sklerosisi, maradhi yaliyofafanuliwa mwaka 1868 na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot. Wengine hawakubaliani nao, lakini maradhi hayo yana la kutufundisha.

Nyuzi za neva zimevikwa utando wa mafuta uitwao mayelini, unaoharakisha ujumbe kutoka ubongoni hadi viungoni. Katika maradhi haya, chembe za kinga ya mwili huudhania utando huo kuwa adui. Hutoa kemikali ziitwazo saitokini, ambazo huita chembe nyingine na kuziamsha zile zinazoulinda ubongo. Utando huharibika, na ujumbe huchelewa au hukatika. Zipo pia saitokini zinazotuliza vita hivyo. Ndiyo maana mgonjwa aweza kupata nafuu kwa muda, kisha akazidiwa tena.

Hapo ndipo nasi tunapojaribiwa. Jana tulimwona jirani akitembea, leo hawezi kuinuka. Upesi twasema anajisingizia, amelogwa, au anaadhibiwa kwa dhambi zake. Kumbe vita vinapiganwa ndani ya mwili wake, tusikoweza kuona. Maneno yetu humtwika msalaba wa pili.

Papa Leo XIII aliithibitisha heshima ya Lidwina mwaka 1890. Tumheshimu kwa matendo: mgonjwa wa nyumbani afikishwe kwa daktari, apelekewe Ekaristi, atembelewe pasipo kuhukumiwa.

Mtakatifu Lidwina, utuombee.