Alan Turing na siku redio ilipoirekodi kompyuta ikiimba

Wasikilizaji wetu wanaotengeneza muziki hutuuliza mara kwa mara namna ya kurekodi sauti inayotoka ndani ya kompyuta bila kelele za kuku na upepo kuingia. Swali hilo lina historia ndefu, na leo tunaanza na mtu aliyeipa kompyuta sauti: Alan Turing.

Turing alizaliwa London, Uingereza, tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko India, hivyo mtoto alilelewa kwa muda mrefu mbali na wazazi wake. Alisoma hesabu Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1936 aliandika makala iliyoeleza mashine moja inayoweza kufanya kazi yoyote ya hesabu mradi ipewe maagizo. Hata simu uliyoshika sasa inafanya kazi kwa wazo hilo.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alipelekwa Bletchley Park, kituo cha siri cha kufumbua ujumbe wa adui. Huko alisaidia kubuni mashine zilizovunja mafumbo ya Enigma, yaliyotumiwa na jeshi la Ujerumani. Kazi hiyo ilibaki siri kwa miaka mingi, na wengi waliofaidika nayo hawakujua jina lake.

Mwaka 1948 alihamia Chuo Kikuu cha Manchester, ambako kulikuwa na kompyuta iliyojaza chumba. Mashine hiyo ilikuwa na spika ndogo. Turing aliandika kitabu cha kuwaongoza watumiaji, na ndani yake akaeleza agizo la kuifanya spika itoe mlio. Agizo hilo likitolewa mara moja, unasikia kama kitu kimegongwa, basi. Likirudiwa mara mamia kwa sekunde, migongo hiyo inaungana na kuwa sauti moja ya muziki.

Fikiria pikipiki. Ikiwa imesimama inanguruma taratibu, unaweza karibu kuhesabu milipuko yake. Ikivutwa mafuta, milipuko inaungana na sauti inapanda. Kompyuta ya Manchester iliimba kwa njia hiyo hiyo.

Turing mwenyewe hakuhangaika kutunga nyimbo. Milio aliitumia kujua mashine imefika wapi, kwa mfano kama imemaliza kazi. Aliyeifanya iimbe alikuwa mwalimu wa shule, Christopher Strachey. Alikisoma kitabu cha Turing, akaandika maagizo marefu mno, kisha akaruhusiwa kukaa na mashine usiku kucha. Kulipokucha, kompyuta ilimaliza kazi yake kwa kupiga wimbo wa taifa wa Uingereza.

Habari zikaenea. Mwaka 1951 mafundi wa BBC walifika Manchester na mashine yao ya kuchonga santuri. Walirekodi wimbo wa taifa, wimbo mmoja wa watoto na kipande cha In the Mood, wimbo wa dansi uliopendwa siku hizo. Katikati ya kipande hicho kompyuta ikakwama, na watu waliokuwepo wakaangua kicheko. Kicheko chao bado kinasikika.

Huko Sydney, Australia, kompyuta nyingine ilipiga muziki mwaka huo huo wa 1951, lakini hakuna aliyeirekodi, na sauti yake ya siku ile imepotea. Ya Manchester imebaki kwa sababu redio ilifika.

Turing hakuishi kuona muziki huo ukikua. Mwaka 1952 alishtakiwa kwa uhusiano na mwanaume mwenzake, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza wakati ule. Ili asifungwe jela alikubali kupewa homoni, na akaondolewa kwenye kazi za siri za serikali. Alifariki tarehe 7 Juni 1954 kwa sumu ya sianidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka 2013, miaka 59 baada ya kifo chake.

Santuri ile nayo ilikuwa na kasoro. Mwaka 2016 watafiti wawili wa New Zealand, Jack Copeland na Jason Long, waligundua kuwa ina noti ambazo kompyuta ile isingeweza kuzitoa kabisa. Mashine haikukosea. Sahani ya kurekodia ndiyo haikuzunguka kwa kasi sahihi. Walirekebisha kasi, wakapunguza kelele, na sauti halisi ikarudi.

Hapo ndipo penye jibu kwa wanaotuuliza. Ukiweka simu mbele ya spika, unarekodi spika, chumba na jogoo wa jirani. Ukitumia programu inayochukua sauti ndani kwa ndani, kabla haijafika kwenye spika, unapata kilichotengenezwa peke yake. Na kabla ya kufuta chochote, weka nakala. Hata rekodi yenye kasoro inaweza kutengenezwa baadaye, lakini ile isiyokuwepo hairekebishiki.