Alan Turing: baba wa kompyuta, na mama aliyemfungulia mlango

Kila siku makamyo yanapanga mustari Kasumbalesa, yakibeba shaba na kobalti ya Katanga kuelekea Zambia na mpaka baharini. Sehemu ya ile kobalti inaishia ndani ya betri za telefone na kompyuta. Mashine hizo zote zinafuata wazo moja lililoandikwa mwaka wa 1936 na kijana Mwingereza wa miaka 23. Jina lake ni Alan Turing. Watu wengi wamesikia kazi yake. Wachache wanajua maumivu aliyopita nayo ku masomo, na nani alimsaidia asianguke.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza kule Uhindi, na wazazi waliishi huko miaka mingi. Alan na kaka yake John waliachwa Uingereza kwa familia nyingine iwalee. Watoto wengi wa Katanga wanajua maisha hayo: kulelewa na watu wengine kwa sababu kazi ya wazazi iko mbali.

Mwaka wa 1926, akiwa na miaka 13, alipelekwa ku masomo ya bweni ya Sherborne. Siku ya kwanza wafanyakazi wa inchi nzima walikuwa mu mgomo, treni hazikutembea. Alan alipanda kinga yake, akasafiri karibu kilometre 97, akalala njiani usiku mmoja. Hakutaka kuchelewa masomo.

Lakini masomo yale hayakumpokea vizuri. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, nguo zilikuwa na wino, na alipenda hesabu kuliko Kilatini. Mkubwa wa masomo, sawa prefe wa hapa, aliwaandikia wazazi kama kijana anayetaka sayansi tu anapoteza wakati wake pale. Vijana wenzake walimchokoza. Siku moja walimfungia chini ya mbao za sakafu. Alan alijifunza kukaa peke yake na kunyamaza.

Kulikuwa na jambo lingine, nalo hakulisema kwa mtu. Alan alipenda wavulana, si wasichana. Yule aliyempenda zaidi ni Christopher Morcom, mwanafunzi aliyemtangulia darasa moja, mwenye akili na mwenye tabia nzuri. Christopher alikuwa rafiki; hakujua yote yaliyokuwa ndani ya moyo wa mwenzake. Walisoma pamoja nyota, kemia na hesabu. Kwa ajili yake Alan alianza kuandika vizuri na kufanya kazi kwa bidii. Desemba 1929 walikwenda wote wawili Cambridge kufanya mtihani wa kupata feza za universite. Christopher alifaulu, Alan alishindwa.

Wiki chache baadaye Christopher aliugua ghafla. Alikuwa na kifua kikuu tangu butoto, kilichotokana na maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Alikufa tarehe 13 Februari 1930. Alan alikuwa na miaka 17.

Hapa njo mahali pa kusimama kidogo. Kijana anayefiwa na mchumba anaweza kulia mbele ya watu, na watu watamfariji. Kijana anayefiwa na mtu aliyempenda kwa siri hana nafasi ya kulia. Anatakiwa kurudi darasani kesho yake kama hakuna kitu. Kilio kisicho na jina kinakuwa kizito mara mbili, na njo kipindi ambacho mwanafunzi anaweza kupotea bila mtu kuona.

Alan hakupotea, na sababu moja kubwa ni mama ya Christopher. Siku chache baada ya kifo, Alan alimwandikia barua, akamwomba picha ya mwanawe. Yule mama, yeye mwenyewe akiwa mu matanga, alijibu. Hakumuuliza kwa nini analia hivyo. Wakati wa Pasaka alimchukua Alan mu safari ya Gibraltar, mahali ambapo Christopher angekwenda. Alimkaribisha nyumbani kwao, akamlaza pale alipokuwa akilala mwanawe. Wakaandikiana barua kwa miaka. Familia iliweka zawadi ya sayansi ku masomo ya Sherborne kwa kumbukumbu ya Christopher, na Alan njo aliyeishinda.

Mama huyo hakuwa na diplome ya saikolojia. Alimpa kijana nafasi ya kukaa, mtu wa kumsikiliza, na sababu ya kuendelea. Desemba 1930 Alan alifaulu mtihani wa Cambridge. Akaingia King's College mwaka wa 1931.

Matunda yake yanajulikana. Mwaka wa 1936 aliandika ile kazi kuhusu mashine inayoweza kufuata maagizo yoyote, msingi wa kompyuta zote. Akaenda Marekani, akapata udaktari Princeton mwaka wa 1938. Vita ya pili ya dunia ilipoanza, alianza kazi Bletchley Park mwezi wa Septemba 1939. Yeye na wenzake walivunja siri za Enigma, mashine ambayo jeshi la Ujerumani lilitumia kuficha maneno yake. Kazi hiyo iliokoa meli na watu wengi, lakini ilibaki siri hata baada ya kifo chake. Mwaka wa 1950 aliuliza kama mashine inaweza kufikiri, swali ambalo dunia inazungumza mpaka leo.

Tena, hata mu miaka ya Princeton mawazo ya kujiua yalimjia, akamwandikia rafiki yake. Mtu anaweza kuwa na akili kubwa, kufaulu mitihani yote, na bado kuumia ndani. Alama nzuri darasani haionyeshi kama mtoto ni salama.

Januari 1952 wezi waliingia mu nyumba yake karibu na Manchester. Yeye mwenyewe aliita polisi. Mu maswali, alisema wazi kama alikuwa na uhusiano na mwanaume. Polisi wakamshika yeye. Tarehe 31 Machi tribinali ilimhukumu kwa sheria ya mwaka wa 1885. Walimpa kuchagua: jela, au dawa za homoni za kuua hamu yake. Alichagua dawa. Kwa mwaka mmoja mwili wake ulibadilika. Serikali aliyoitumikia ilimwondoa pia mu kazi zake za siri. Alikufa usiku wa tarehe 7 Juni 1954, na miaka 41. Wachunguzi walisema alijiua. Mama yake hakukubali; aliamini mpaka mwisho kama ilikuwa ajali. Kifo cha namna hii hakina sababu moja tu, lakini kinachojulikana ni kwamba inchi yake ilimfungia milango mingi.

Mwaka wa 2009 serikali ya Uingereza iliomba msamaha, na Desemba 2013 malkia alimpa msamaha rasmi. Tangu 2021 sura yake iko ku noti ya paundi 50. Lakini sheria za aina ile ile Waingereza waliziacha mu makoloni yao. Zambia, hatua chache tu ng'ambo ya barriere ya Kasumbalesa, ingali nazo.

Kuhusu dawa: tangu tarehe 17 Mei 1990, OMS, shirika la afya ulimwenguni, iliondoa jambo la kupenda watu wa jinsia moja mu orodha ya magonjwa. Si ugonjwa wa kutibiwa. Kinachotakiwa kutibiwa ni kukata tamaa. OMS inasema zaidi ya watu 720,000 wanajiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 ni moja ya sababu kubwa za kifo. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka wa 2019 ulionyesha kama vijana wa namna hii wenye hata mtu mzima mmoja anayewakubali walijaribu kujiua kwa karibu asilimia 40 chini ya wale wasio naye.

Mwalimu au mzazi anaweza kuwa mtu huyo. Mwanafunzi akiacha kula, akijitenga, akigawa vitu vyake, au akisema afazali asingekuwepo, aulizwe wazi na kwa upole kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Kunampa ruhusa ya kusema. Asiachwe peke yake. Vitu vya hatari viondolewe karibu naye, apelekwe kituo cha afya, na siri yake isitangazwe darasani wala kanisani. Asifukuzwe nyumbani. Mama Morcom hakuhitaji kuelewa kila kitu ili kumfungulia kijana mlango.