Bibi Salme na Vyombo vya Zidakani

Sayyida Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan; mama yake, Jilfidan, alikuwa mtumwa wa Kicherkesi. Wakati ule haikuwa ada mtoto wa kike kushika kalamu, naye akajifunza kuandika kwa siri, akinakili Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Kalamu hiyo ndiyo iliyotuhifadhia habari za jumbani. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, alieleza zidaka za kutani na vyombo vilivyopangwa humo: sahani za kauri zenye michoro, bilauri na majagi ya thamani. Kauri za namna hiyo, nyingine zikiwa na nakshi za dhahabu, zilivuka bahari kutoka China na Ulaya.

Mwaka 1866 Bibi Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, na mwaka 1867, huko Aden, akabatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa. Mjane huyo aliwalea watoto watatu kwa kufundisha lugha. Alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888 kudai urithi wake, asiupate. Alifariki Jena tarehe 29 Februari, 1924.

Hatusemi haya ili kuusifu usultani. Fahari ile ililipiwa kwa karafuu zilizochumwa na watumwa, na kwa pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka bara, hata kando ya Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Kwa hiyo mwananchi wa Karema na Mpanda naye ana haki katika vyombo hivyo, sawa na wa Unguja.

Beit al-Ajaib ilipoporomoka sehemu mwaka 2020, sote tulionywa. Twawaomba wakuu wanaohusika waorodheshe kila chombo, wakipige picha na kukiandikia asili yake. Nanyi wenzetu wa visiwani, msiuze kauri za mabibi zenu kwa bei ya kutupa. Chombo kikishavuka bahari bila hati, hakuna wa kukidai, kama Bibi Salme alivyodai asipewe.