Mwalimu Aliyelifukuza Darasa Lake

Mwalimu mpya wa Shule ya Sabato, awe Kibaha au Kisarawe, hujaribiwa mapema: anafungua lesoni, na vijana wa nyuma wanaendelea na mazungumzo yao. Juma hili tumtazame mwalimu mmoja ambaye wote tunamfahamu.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule akiwa na miaka 12. Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's, Tabora, kisha akaenda kusoma Edinburgh. Mwaka 1953 alikuja kufundisha Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe. Hakukaa sana. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 yeye ndiye aliyeiongoza, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya shule. Chaki aliiweka chini, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Darasa lililomtikisa kuliko yote hakulikuta Pugu. Lilimfuata Ikulu, tarehe 22 Oktoba 1966 (nayo ilikuwa siku ya Sabato). Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini (ndugu wa Kibaha mnaijua ile ya Ruvu), na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine wakaandamana, baadhi wakiwa wamevaa majoho. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali ukoloni. Walilalamika pia kwamba viongozi wanaowataka wajinyime wao wenyewe wanalipwa vizuri.

Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakasirika sana. Aliagiza warudishwe makwao, nao karibu 400 wakaondolewa chuoni chini ya ulinzi wa polisi.

Wapo wanaomsifu kwa hilo. Mimi naona adhabu ilikuwa nzito. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na mtoto wa mkulima aliyerudi kijijini bila shahada alirudi na tumaini la ukoo mzima mikononi. Mwalimu akikasirika mbele ya darasa husema mengi ambayo baadaye ni vigumu kuyarudisha, na sisi tunaofundisha tunalijua hilo.

Lakini darasa lisiruke jambo moja. Katika hasira ileile, Mwalimu alikiri kwamba kuhusu mishahara wanafunzi walikuwa na hoja. Palepale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya mawaziri na maofisa wakubwa ikafuata. Waliokosa adabu walikuwa wamesema ukweli, naye hakuutupa ukweli huo kwa sababu ya midomo iliyousema. Someni Mathayo 7:3–5, kisha kila anayefundisha ajiulize: vijana wangu wanaponisumbua, ni kipi wanachokiona kwangu ambacho sijataka kukiona?

Februari 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba. Mwezi uliofuata Mwalimu alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akiitaka shule ilee mtu wa kuitumikia jamii yake. Na mwaka huohuo wengi wa wale aliowafukuza waliruhusiwa kurudi darasani.